Gertrude Elion na Swali la Seli Zinazogawanyika

Mwanafunzi wa kidato cha sita akiulizwa maana ya umetaboli atajibu kwamba ni jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yanayotendeka ndani ya kiumbe hai, na atapewa alama zake. Jibu hilo ni sahihi. Ubaya wake ni kwamba likishaandikwa hakuna linalofuata. Mchoro wa mzunguko wa Krebs huhifadhiwa kichwani hadi siku ya mtihani, kisha huachwa mumo humo katika chumba cha mtihani. Kinga ya mwili nayo hufundishwa muhula mwingine, katika sura nyingine, kana kwamba seli nyeupe za damu hazili, hazipumui, wala hazijengi kitu chochote.

Nimeonelea nieleze kazi ya mtafiti mmoja ambaye maisha yake ya kisayansi yalipita mpakani mwa sura hizo mbili. Jina lake ni Gertrude Elion, Mmarekani, aliyezaliwa New York mwaka 1918 na kufariki mwaka 1999. Ninayo sababu ya pili ya kumchagua, nayo inawahusu walimu na sisi tuliomo vyuoni. Nitaifikia.

Baba yake, daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, alipoteza mali yake katika anguko la soko la hisa la mwaka 1929. Binti alisoma kemia kwa sababu chuo cha Hunter hakikutoza karo, na kwa sababu alikuwa amemwona babu yake akifa kwa saratani. Alihitimu mwaka 1937 kwa sifa za juu, akaomba msaada wa masomo ya juu katika vyuo kadhaa, asipate. Mahali pamoja alipoomba kazi aliambiwa kwamba sifa anazo, ila maabara haijapata kuwa na mwanamke, naye angewashughulisha wanaume wasifanye kazi yao. Akafanya kazi katika maabara pasipo mshahara ili mradi ajifunze. Akafundisha kemia na fizikia katika shule za sekondari za New York kama mwalimu wa kujaza nafasi, na usiku na mwisho wa juma akafanya utafiti wake wa shahada ya pili, aliyoipata mwaka 1941. Vita vilipowachukua wanaume ndipo milango ilipofunguka kidogo: kwanza katika kampuni ya vyakula, alikopima ukali wa achari na rangi ya viini vya mayai, na hatimaye, mwaka 1944, katika maabara ya kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings.

Wazo la Hitchings lilikuwa hili. Kila seli, iwe ya binadamu, ya bakteria au ya kijidudu cha malaria, haina budi kunakili asidi za kiini chake kabla ya kugawanyika. Ili inakili, yahitaji matofali ya kujengea, na miongoni mwa matofali hayo zimo purini mbili, adenini na guanini. Seli inayogawanyika upesi yahitaji matofali mengi kuliko ile iliyotulia. Basi akitokea mtu akaipa seli hiyo tofali la bandia, linalofanana na la kweli kwa umbo lakini lisiloweza kufanya kazi yake, ujenzi utakwama, na utakwama zaidi pale penye haraka zaidi. Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1944 ndipo Avery na wenzake walipotoa ushahidi kuwa DNA ndiyo ibebayo urithi. Umbo lake lilikuwa halijajulikana, na halikujulikana hadi mwaka 1953. Elion alikabidhiwa purini. Kipimo chake kikuu cha awali kilikuwa bakteria mmoja mnyenyekevu, Lactobacillus casei: apewe tofali la bandia, itazamwe kama atakua au hatakua.

Baada ya kupima zaidi ya purini mia moja, Elion alipata kitu. Mahali palipokuwa na atomu ya oksijeni katika purini aliweka atomu ya salfa, na kwa njia hiyo ikapatikana, mwaka 1951, dawa iitwayo merkaptopurini. Wakati huo nusu ya watoto waliopatwa na saratani kali ya damu walikuwa wakifa katika miezi mitatu au minne. Kwa dawa hii muda huo ulifika kiasi cha mwaka mmoja. Watoto waliinuka vitandani, wakacheza, kisha ugonjwa ukawarudia. Ilichukua miaka mingi na dawa nyingine kadhaa za kuchanganya nayo kabla ya wengi wao kuanza kupona kabisa. Lakini merkaptopurini ingali imo katika mchanganyiko huo hadi leo.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Elion aliuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote: dawa hii ikishaingia mwilini, inakwenda wapi, na mwili unaifanya nini? Swali hilo ni umetaboli mtupu. Alitengeneza merkaptopurini yenye salfa ya mnururisho, akaifuata katika tishu na katika mkojo, akaona kwamba sehemu kubwa yake huharibiwa na kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidasi kabla haijafanya kazi. Akatafuta kitu cha kukizuia kimeng'enya hicho ili dawa idumu. Ilitokea kwamba kimeng'enya hicho hicho ndicho kitengenezacho asidi ya yuriki, ile ambayo ikizidi katika damu hujikusanya kwenye viungo na kuleta jongo. Kizuizi alichokipata, alopurinoli, hakikuwa na manufaa makubwa kwa wagonjwa wa saratani kama ilivyotumainiwa, lakini tangu mwaka 1966 kimekuwa dawa ya jongo duniani kote.

Njia ya pili ya swali hilo ndiyo iliyomfikisha kwenye seli za kinga. Aina moja ya seli nyeupe, limfosaiti, huzunguka katika damu ikiwa imetulia. Ikikutana na kitu kigeni inachokitambua, hunenepa na kuanza kugawanyika kwa haraka, hata moja ikawa jeshi. Huko Boston, Robert Schwartz, akifanya kazi na William Dameshek, aliona kuwa seli hiyo iliyoamshwa inafanana sana na seli changa za saratani ya damu. Akajiuliza: dawa inayozuia hizi, je, haitazuia na zile? Mwaka 1958 walitangaza kwamba sungura waliopewa merkaptopurini, kisha wakadungwa protini ya kigeni, hawakutengeneza kingamwili dhidi ya protini hiyo. Daktari mpasuaji kijana wa Uingereza, Roy Calne, aliijaribu dawa hiyo kwa mbwa waliopandikizwa figo, na figo zikadumu kuliko ilivyopata kuonekana. Elion na Hitchings walikuwa na dawa nyingine, azathioprini, ambayo ni merkaptopurini iliyofungwa kwa namna ya kuachiliwa polepole mwilini. Mwezi wa Aprili mwaka 1962, hapo hapo Boston, Joseph Murray alipandikiza figo ya mtu aliyekufa kwa mgonjwa asiyekuwa ndugu yake, akamlinda kwa azathioprini, na figo hiyo ikafanya kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Natamani mwanafunzi asimame hapa na kutafakari. Hakuna aliyekuwa amepanga kutafuta dawa ya kupandikizia figo. Ilitokea kwa sababu jambo lililoulizwa lilihusu seli zote zinazogawanyika, na limfosaiti ni mojawapo.

Mwaka 1972 maumbile yenyewe yalitoa ushahidi. Eloise Giblett wa Seattle alipima damu ya wasichana wawili wadogo waliokosa kinga, akakuta wamepungukiwa na kimeng'enya kimoja tu, adenosini diaminasi, ambacho kazi yake ni kubadili purini. Kimeng'enya hicho kikikosekana, mabaki yake hulundikana na kuua limfosaiti, na mtoto hubaki bila ulinzi mbele ya kila kijidudu. Kosa limo katika umetaboli, maafa yamo katika kinga. Sijui ni wapi katika muhtasari wetu wa masomo mwanafunzi angepaswa kujifunza jambo hilo, maana halimo katika sura hii wala ile. Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, upandikizaji wa figo ulikuwa umekwisha kupata dawa nyingine mpya, lakini mojawapo ya zinazotumiwa sana, maikofenoleti, huizuia limfosaiti isitengeneze guanini. Ni swali lile lile la mwaka 1944.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Kutoka maabara hiyo ya Hitchings ilitoka pirimethamini, ile P katika dawa ya SP ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 hadi ilipoiacha mwaka 2006, na ambayo wajawazito wangali wakipewa kliniki. Ilitoka pia trimethoprimu, iliyomo ndani ya Septrin. Zote mbili huzuia kijidudu kupata matofali ya kujengea DNA. Elion mwenyewe aliirudia purini aliyokuwa ameipima mwaka 1948, na kutoka hapo yeye na wenzake wakaifikia asikloviri, dawa ya virusi vya herpesi, iliyotangazwa mwaka 1978. Miaka ishirini na zaidi ilipita kati ya dokezo la kwanza na dawa hiyo.

Sasa niseme lile la walimu. Elion hakuwa na shahada ya uzamivu. Aliianza Brooklyn, akihudhuria masomo jioni baada ya kazi, hata mkuu wa kitivo alipomwambia aache kazi na asome mchana kutwa au asiendelee. Akachagua kazi. Chuo Kikuu cha George Washington kilimtunukia shahada ya heshima mwaka 1969, na Tuzo ya Nobel, pamoja na Hitchings na James Black, ilikuja mwaka 1988, alipokuwa na miaka sabini.

Mimi ninayo shahada hiyo. Niliipata ng'ambo, na ilinifundisha mengi. Kwa hiyo simhimizi kijana yeyote aache masomo, wala sisemi kwamba kunyimwa nafasi kulimfaa Elion. Kulimpotezea miaka saba ya ujana wake, tangu 1937 hadi 1944, na kama si vita huenda kungempoteza mwenyewe. Ninalosema ni jingine. Nimekaa katika kamati za kugawa fedha za utafiti, ambazo sitazitaja, nikaona ombi la fundi wa maabara likiwekwa kando bila kusomwa kwa kuwa safu ya shahada katika fomu haikujazwa ipasavyo. Mwalimu wa kemia aliyeko wilayani, mwenye shahada moja na maabara yenye bomba lisilotoa maji, hata haombi. Anajua mapema atakavyojibiwa.

Nitaambiwa kwamba Elion alikuwa na kampuni tajiri nyuma yake. Ni kweli, nayo ilimruhusu kutangaza matokeo yake kwa jina lake, jambo ambalo si kampuni zote hulikubali. Hata hivyo, utajiri haukutunga swali. Uliwezesha lifuatwe kwa miaka arobaini bila kulazimishwa kuonyesha dawa kila mwisho wa mwaka, na hilo ndilo tunaloshindwa sisi zaidi kuliko ununuzi wa vyombo. Miradi yetu hupewa miaka miwili, mitatu, kisha huja wito mwingine wenye jina jipya, na mtafiti huhama na swali lake asilolimaliza.

Mwalimu hahitaji kungoja sera. Mate na uji mwembamba wa wanga, matone ya iodini, na maji ya moto vyatosha kuwaonyesha wanafunzi kimeng'enya kikifanya kazi. Kwa kawaida tunaishia pale rangi ya buluu inapopotea, tunaandika hitimisho, kengele inalia. Waulizwe badala yake: ni nini kingeweza kukizuia, na mngejuaje kwamba kimezuiwa na hakikuharibika tu? Wapewe majuma mawili ya kubishana na kujaribu. Na baraza linalotoa jarida hili nalo litenge fungu dogo, hata la mashule ishirini kwa kuanzia, ambalo mwalimu anaweza kuliomba kwa karatasi mbili zinazoeleza swali lake na jinsi atakavyolifuata, pasipo kuulizwa ana shahada ngapi. Nipo tayari kuwa mmoja wa watakaozisoma karatasi hizo.