Mtoto anayefichwa ndani hahesabiwi wala hatibiwi

Mama mmoja aliingia katika chumba changu hapa Bariadi akiwa amembeba mwanawe wa miezi mitano, kichwa cha mtoto kimefunikwa kwa kanga mbili. Nilipomwomba afunue, kwanza aligeuka kuangalia kama mlango umefungwa. Kichwa kilikuwa kimejaa maji na macho ya mtoto yalitazama chini muda wote. Tangu azaliwe hakuwa amepelekwa kliniki hata siku moja. Baba alishaondoka, akidai ukoo wao haujawahi kuzaa mtoto wa namna ile. Kabla sijasema lolote, mama akaniuliza: "Daktari, hivi ni mimi peke yangu?"

Hapana mayu, hauko peke yako. Na wiki hii, mpenzi msomaji, nataka tulijibu swali hilo vizuri, kwa sababu jibu lake linaweza kumwokoa mtoto ambaye hata mimba yake bado haijatungwa.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2011 na 2012, watafiti walifuatilia uzazi katika hospitali nne za Dar es Salaam. Katika uzazi 28,217, walikuta kasoro za nje kwa uwiano wa 28 katika kila 10,000, yaani karibu mtoto mmoja kati ya 350. Zilizoongoza ni kasoro za ubongo na uti wa mgongo, ukiwemo mgongo wazi: karibu watoto 10 katika kila 10,000.

Unaweza kusema mmoja kati ya 350 si wengi. Lakini angalia nini kilihesabiwa: aina chache za kasoro, zinazoonekana kwa macho, wakati wa kuzaliwa, hospitalini. Tundu kwenye moyo halionekani kwa macho. Kichwa kikubwa mara nyingi huanza kuvimba wiki au miezi baada ya mtoto kuzaliwa. Na aliyezaliwa nyumbani hakuwemo kabisa. Ukijumlisha za nje na za ndani, makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yamekuwa watoto 6 katika kila 100 wanaozaliwa duniani. Shirika hilo linasema kasoro hizi huua watoto wachanga 240,000 kila mwaka kabla hawajafikisha siku 28.

Tusogee karibu na nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako sisi wa Simiyu tunapeleka wagonjwa wetu wa rufaa, uliangalia watoto wachanga 445 waliolazwa. Asilimia 29 walikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Usinielewe vibaya: hao ni watoto waliolazwa, si watoto wote wa Kanda ya Ziwa. Lakini hapo pia, ubongo na uti wa mgongo ndivyo vilivyoongoza kuathirika. Na kasoro zilionekana zaidi kwa watoto ambao mama zao hawakutumia foliki asidi kipindi cha kushika mimba, waliozaa wakiwa na zaidi ya miaka 35, na waliohudhuria kliniki mara chache.

Foliki asidi ni vitamini ambayo mwili unaihitaji kujenga chembe mpya. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji ulio wazi, na mfereji huo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata kichwa kikubwa pia. Mwaka 1991, utafiti mkubwa ulioongozwa na Uingereza na kufanyika katika nchi saba ulionyesha kuwa, kwa kina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, foliki asidi ilipunguza uwezekano wa kurudia kwa asilimia 72.

Sasa piga hesabu ya siku 28. Wakati huo mwanamke ndiyo kwanza anaanza kujiuliza mbona hajaona siku zake. Vidonge vya kuongeza damu tunavyompa kliniki vina foliki asidi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa ni kama robo tu ya wajawazito walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Tunampa mama kidonge kizuri wakati mfereji umeshajifunga, au umeshashindwa kujifunga.

Kanuni za mwaka 2011 zilitaka viwanda viongeze virutubishi kwenye unga, ikiwemo foliki asidi. Ni jambo jema kwa anayenunua unga wa pakiti dukani. Lakini hapa kwetu, kuanzia Itilima hadi Meatu, mahindi yanatoka shambani, yanapelekwa mashine ya kijijini na kurudi nyumbani yakiwa unga usioongezwa chochote. Tuna dengu, choroko na mboga za majani zenye vitamini hii kwa asili, lakini dengu tunaziuza zaidi kuliko tunavyozila, na mboga tunazichemsha mpaka sehemu kubwa ya vitamini inapotea.

Ndiyo maana nasema wazi: kusubiri mama aje kliniki ndipo tumpe foliki asidi ni kuchelewa. Vidonge hivi ni vya bei nafuu. Viwepo katika kila zahanati kwa msichana anayejiandaa kuolewa, kwa mama anayeacha uzazi wa mpango, na kwa mama anayeleta mtoto wa mwisho kuchanjwa. Mashine ndogo za kusaga nazo zifungwe kifaa cha kuchanganya virutubishi. Vipo, na vinatumika tayari katika baadhi ya mashine hapa nchini.

Na tuhesabu. Mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2022. Ukichukua hata kile kiwango kidogo cha Dar es Salaam, katika kila watoto 3,500 wanaozaliwa Simiyu, 10 wana kasoro inayoonekana kwa macho. Wako wapi? Wengine wamezikwa kimyakimya. Wengine wako ndani ya nyumba, na jirani hajui. Asiyehesabiwa hapangiwi dawa, wala mtaalamu, wala nauli ya rufaa. Kila mtoto mwenye kasoro, aliye hai au aliyezaliwa mfu, aandikwe kwenye rejista, na wahudumu wa afya wa vijijini waulizie waliozaliwa nyumbani.

Kwako mzazi, haya ndiyo ya kushika. Ukipanga kushika mimba, anza mikrogramu 400 za foliki asidi kwa siku angalau mwezi mmoja kabla. Kama umewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, muone daktari kwanza, maana unahitaji dozi kubwa zaidi. Kama una kisukari au unatumia dawa za kifafa, usiziache mwenyewe. Njoo tuzungumze kabla ya mimba. Pombe acha kabisa.

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, funika kidonda kwa kitambaa safi chenye unyevu, mlaze kifudifudi na umwahishe hospitali siku hiyohiyo. Kichwa kikikua haraka, usisubiri. Nyayo zilizopinda hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, tukianza mapema. Mdomo sungura hushonwa mtoto akiwa na miezi michache. Anayechoka na kutoka jasho akinyonya, au midomo kuwa ya bluu, apimwe moyo.

Na kwa akina baba: mara nyingi chanzo cha kasoro hakijulikani, na hata pale kinapojulikana, si mkosi wala si ukoo wa mke. Chembe za uzazi ni za wawili. Mwanamume anayeondoka anaondoka na nauli ya Mwanza.

Yule mama alipata nauli kwa ndugu zake na kusafiri kupitia Lamadi. Mtoto aliwekewa mpira unaopitisha maji kutoka kichwani kwenda tumboni, na kichwa kimeacha kukua. Lakini uwezo wa kuona aliopoteza katika miezi ile mitano ya kanga mbili, hatuwezi kumrudishia. Angeletwa wiki ya kwanza kichwa kilipoanza kuvimba, leo ningekuwa nawasimulia habari tofauti.

Kama kuna mtoto wa namna hii nyumbani kwako au kwa jirani, mlete kesho asubuhi. Hutakuwa peke yako kwenye benchi.