Mkopo wa mafuta si akiba ya mafuta

Sisi wa Likoni tumeizoea subira hii. Feri imejaa watu na magari, lakini haing'oi mpaka meli kubwa imalize kupita mlango wa Kilindini. Juzi iliyotuzuia ilikuwa meli ya mafuta, ikienda zake Kipevu. Kando yangu alisimama mzee mmoja mvuvi, dumu tupu la lita 20 mkononi. Akaitazama meli ile mpaka ikapita, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mafuta yote haya yanapita mlangoni kwetu. Siku yakikatika huko yatokako, sisi tuna ya siku ngapi?"

Swali hilo lingefaa liulizwe bungeni. Serikali inapotaja usalama wa nishati, mara nyingi hutueleza tunalipa vipi mafuta. Ni nadra kutueleza tumeweka kiasi gani.

Turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi mafuta yaliletwa kwa zabuni ya wazi. Makampuni yalishindana, mshindi akaagiza kwa niaba ya wenzake wote, na malipo yakafanywa kwa dola baada ya muda mfupi. Mwanzoni mwa 2023 dola zikaadimika. Machi mwaka huo serikali ikatia saini makubaliano na kampuni tatu za mataifa ya Ghuba: Aramco ya Saudi Arabia, pamoja na ADNOC na ENOC za Imarati. Mafuta tunayapata kwa mkopo wa siku 180. Wauzaji wa humu nchini wanalipa kwa shilingi, na dola zinatafutwa taratibu.

Tuseme haki: mpango ule uliondoa ile pupa ya kugombania dola kila mwezi. Meli hazikusita kuja, na ada ya juu wanayotoza wauzaji ilishushwa katika mazungumzo ya baadaye. Lakini mkopo haukuizuia shilingi kuanguka. Kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na nafuu ilikuja mwezi uliofuata serikali ilipopata mkopo mpya katika masoko ya nje. Nasi kwenye vituo vya mafuta hatukuiona nafuu mapema. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita, bei ya dunia ikiwa imepanda na ushuru wa VAT kwa mafuta ukiwa umetoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni hili. Mkopo unakupa muda wa kulipa mafuta yaliyokwisha kufika. Meli isipofika, hauwashi hata injini ya mashua.

Wauzaji wetu wote watatu wako upande mmoja wa dunia, na takriban sehemu moja kwa tano ya mafuta yanayotumiwa ulimwenguni hupita mlango wa Hormuz. Juni 2025 Israeli na Iran zilishambuliana kwa siku 12, na kila mwenye meli akawa anautazama mlango huo kwa wasiwasi. Kweli, Saudia ina bomba la kufikisha mafuta Yanbu, Bahari ya Shamu, na Imarati ina lake la kwenda Fujairah, nje ya Hormuz. Lakini mabomba hayo yamejengwa kwa mafuta ghafi, na sisi ghafi hatuna pa kuyasafishia. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963, kiliacha kusafisha Septemba 2013. Tangu hapo tunanunua yaliyosafishwa tayari. Na anayepitia Bahari ya Shamu lazima avuke Bab el Mandeb, ambako Wahouthi walianza kuzishambulia meli mwishoni mwa 2023.

Wazee wetu wa majahazi wangeuelewa mkasa huu upesi. Walijua kuna miezi ya kusi kali ambapo bahari hufungwa na chombo hakitoki. Hawakungoja upepo ugeuke ndipo watafute nafaka. Waliweka mapema. Akiba haiozi, walisema, nao waliuishi msemo huo.

Kenya haina akiba ya taifa ya mafuta. Tunategemea yale ambayo makampuni yanayo kwenye matangi kwa ajili ya biashara yao ya kila siku. Aprili 2022 tuliona udhaifu wake. Magari yalipanga foleni vituoni nchi nzima, na sababu haikuwa vita wala dhoruba. Serikali ilikuwa imechelewa kuyalipa makampuni fedha za ruzuku, nayo yakaishiwa na nguvu za kusambaza. Ukitegemea ghala la mfanyabiashara, unategemea pia mfuko wake, na mfuko ule aliutoboa mdeni mwenyewe.

Kwetu Pwani uchungu una safu zake. Mafuta ya Lamu husafiri kwa lori kutoka Mombasa. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara pale Gamba, na kisiwa ambacho watu, wagonjwa na samaki husafirishwa kwa boti kikakumbuka kwamba kinaishi kwa uzi mmoja. Mvuvi hana njia ya kupandisha nauli kama mwenye matatu. Petroli ikipanda au ikikosekana, yeye hukaa nchi kavu.

Vifaa vya kurekebisha mambo tunavyo. Gati jipya la mafuta la Kipevu, lililofunguliwa 2022, linaweza kupokea meli nne kwa mpigo. Kiwanda cha Changamwe hakisafishi, lakini matangi yake yapo, na sasa yako chini ya kampuni ya bomba la mafuta. Fedha pia tunachangia: tangu Julai 2020 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 5.40 za ushuru wa maendeleo ya petroli, kutoka senti 40 za zamani. Fedha hizo zimetumika sana kupoza bei. Sehemu yake ingeweza kujaza matangi pale bei ya dunia inaposhuka.

Najua jibu litakuwa kwamba kuweka akiba ni ghali, na kwamba mafuta yaliyolala ni fedha zilizolala. Ni kweli. Hata bima ni ghali mpaka siku ya ajali. Sisemi tuanze na miezi mitatu. Tuanze na siku chache za dizeli na petroli, zilindwe kisheria zisiguswe kwa ajili ya kushusha bei wakati wa kampeni, na fungu lake liwekwe karibu na Lamu kabla mvua hazijaanza.

Uganda ilikwisha kutufunza. Mwishoni mwa 2023 ilichoshwa na kununua kupitia makampuni ya Kenya, ikatafuta muuzaji wake, na kufikia katikati ya 2024 ikawa inaagiza yenyewe kupitia bandari hii hii. Jirani aliuliza anatendewaje, akachukua hatua.

Wabunge wetu wa Pwani, mkataba ukirudi mezani, msiishie kuuliza lita itakuwa shilingi ngapi. Ulizeni alivyouliza mzee wa Likoni: tuna ya siku ngapi, yako tangi gani, na ufunguo anao nani?