Uwezo wa betri upimwe kama kilo ya mchele

Mfanyabiashara anayeleta mchele Kigali kutoka Tanzania hakubali uzito wa maneno. Gunia hupandishwa kwenye mizani, na mizani yenyewe hukaguliwa na serikali na kupigwa muhuri. Mfanyabiashara huyohuyo akifika Kariakoo kununua katoni ya betri za kuchaji, husoma namba iliyochapwa kwenye ganda, hulipa na kuondoka. Namba hiyo, inayoandikwa mAh, nayo ni kipimo. Inaeleza ni umeme kiasi gani betri inaweza kuhifadhi na kutoa, kama kilo inavyoeleza uzito wa mchele. Tofauti ni kwamba kilo hupimwa mbele ya mnunuzi, na mAh haipimwi na mtu yeyote kati ya bandarini na nyumba ya mteja.

Pengo hilo limefungua mlango wa udanganyifu wa wazi. Betri ya lithiamu inayoitwa 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutumika katika tochi, redio, feni ndogo na pawabenki. Viwanda bora kabisa vimeweza kuweka takribani mAh 3,500 ndani ya umbo hilo. Hata hivyo, duniani kote zinauzwa betri za umbo hilohilo zilizoandikwa 9,900. Betri ndogo za AA za kuchaji, za aina ya NiMH, hufika mAh 2,700 au 2,800 zikiwa bora sana, lakini zipo zilizoandikwa zaidi ya 3,000. Namba za namna hiyo hazihitaji hata kupimwa ili zikataliwe. Zinazohitaji kupimwa ni zile zinazoonekana za kweli.

Anayeumia kwanza ni familia inayotegemea tochi au taa ya kuchaji, ambayo huzimika kabla mtoto hajamaliza kazi ya shule. Lakini hasara haiishii hapo. Mwagizaji mkubwa amekwisha kuuza mzigo wake, na jina lake haliko kwenye ganda. Mteja wa Nyamirambo au Nyamata hamjui. Anayemjua ni mwenye duka aliyemuuzia, na kwake ndiko anakorudi na betri mkononi. Mwenye duka naye alinunua kwa mtu aliyevuka Rusumo au Gatuna na mabegi mawili, mara nyingi bila risiti. Mtaji unaopotea ni wa huyu mdogo.

Muuzaji mwaminifu naye huadhibiwa kwa uaminifu wake. Chukua mfano wa betri mbili. Ya kwanza imeandikwa mAh 3,000 na inauzwa faranga 1,000, lakini ikipimwa inatoa 600. Ya pili imeandikwa 2,000, inauzwa faranga 2,000, na inatoa 1,900. Mteja asiye na kipimo huona ya kwanza ina namba kubwa na bei ndogo. Hesabu ya kweli ni kinyume: kwa faranga 1,000 ya betri ya kwanza anapata mAh 600, na kwa kila faranga 1,000 ya betri ya pili anapata 950. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Bila kipimo soko humpa ushindi aliyeandika uongo mkubwa zaidi.

Kupima si jambo la maabara peke yake. Kiwango cha kimataifa cha betri za NiMH, IEC 61951-2, kinaeleza utaratibu ambao fundi yeyote wa redio anaweza kuuelewa. Betri huchajiwa polepole kwa saa 16, kwa mkondo ulio sehemu ya kumi ya uwezo ulioandikwa. Ikishapumzika, humalizwa chaji kwa mkondo usiobadilika, sehemu ya tano ya uwezo huo, hadi ifike volti 1. Mkondo ukizidishwa kwa saa, jibu ndilo uwezo wa kweli. Betri iliyoandikwa 2,000 ikimalizwa kwa miliampia 400 inapaswa kudumu takribani saa tano. Ikikata baada ya saa moja na nusu, ni betri ya 600, hata ganda liseme nini. Zipo chaja zinazofanya kazi hii zenyewe na kuonyesha jibu kwenye kioo. Bei ya chaja moja ni ndogo kuliko hasara ya katoni moja mbovu.

Kipimo kinadai haki pande zote mbili. Betri iliyokaa ghalani muda mrefu huweza kutoa kidogo mara ya kwanza, ndiyo maana kiwango hicho huruhusu hadi mizunguko mitano kabla ya kuihukumu. Pawabenki nayo ina hesabu yake. Iliyoandikwa mAh 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 37. Simu hupokea kwa volti 5, kwa hiyo hata bila upotevu wowote zingetoka mAh 7,400, na nyingine hupotea kama joto katika kubadilisha volti. Inayotoa zaidi ya 6,000 haijamwibia mtu. Inayotoa 2,000 imemwibia, na muuzaji anayejua hesabu hii ataweza kumtetea mteja wake, na kujitetea pia anapolaumiwa bila kosa.

Hata hivyo, mwenye duka hawezi kubebeshwa kazi ya serikali. Betri za lithiamu zilizo wazi si za kuchezea kwa nyaya. Zikipata shoti au zikichajiwa kupita kiasi huweza kuwaka moto. Sampuli mbili nzuri hazithibitishi katoni nzima. Na mtu mdogo akigundua udanganyifu, hana nguvu ya kumzuia aliyeleta kontena.

Nguvu hiyo iko kwa taasisi za viwango: RSB hapa Rwanda, TBS Tanzania, KEBS Kenya, UNBS Uganda na BBN Burundi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, ugezi na upimaji ilitungwa ili nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao, na bidhaa isipimwe upya kila inapovuka mpaka. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, mzigo wa Kigali hukamilishiwa taratibu za ushuru ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam. Kama ushuru unaweza kumalizwa bandarini kwa niaba ya nchi ya mbali, basi uwezo wa betri nao unaweza kupimwa hukohuko, mara moja, kwa sampuli zilizochaguliwa na mkaguzi, na jibu likakubaliwa kote.

Mfano upo, na umefanya kazi katika ukanda huu. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC, ulioanza mwaka 2007, ulikuta soko la taa za sola limejaa ahadi za uongo. Ukaweka utaratibu wa kupima mwanga, muda wa kuwaka na uwezo wa betri. Sampuli hazikuletwa na kiwanda zikiwa zimechambuliwa. Zilichukuliwa bila mpangilio kutoka ghalani au sokoni. Utaratibu huo baadaye ukawa waraka wa kimataifa, IEC TS 62257-9-5. Taa ya sola ikapata kipimo. Betri inayouzwa peke yake, iliyo jirani yake kwenye rafu, haina sababu ya kuachwa nje.

Lipo jambo la kuangaliwa. Ukaguzi ukianza mpakani, utaishia kwenye begi la mama anayevuka na betri hamsini, huku kontena limekwisha kupita. Uanze kwa mwagizaji. Sheria imtake aandike jina lake, uwezo uliopimwa na wati-saa kwenye kila pakiti. RSB na RICA, wanaosimamia viwango na kumlinda mlaji hapa Rwanda, watangaze aina zilizofeli kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili mfanyabiashara ajue kabla hajapanda basi la kwenda Kampala au Dar es Salaam. Onyo linalotolewa baada ya mtaji kuteketea halimsaidii mtu. Betri feki pia hufa mapema na kuwa taka zenye sumu, na Rwanda, iliyojenga kiwanda cha kushughulikia taka za kielektroniki Bugesera, isiendelee kulipia uchafu ulioandikwa namba za uongo ng'ambo.

Wakati serikali zinajipanga, soko lisikae kusubiri. Wafanyabiashara wa Quartier Matheus na Nyabugogo wanaweza kuchangia chaja moja ya kupimia kwa kila chama au ushirika. Kabla ya kununua katoni, wanunue betri mbili, wazipime, na waandike jina, tarehe na jibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la vipimo likizunguka kati ya Kigali, Bukoba na Mbarara litawafahamisha wengi kwa gharama ndogo. Risiti itaje uwezo ulioahidiwa, na muuzaji wa jumla akubali kurudishiwa mzigo usiofikia asilimia iliyokubaliwa. Atakayekataa sharti hilo atakuwa amekwisha kujibu swali kuhusu betri zake.

Hakuna soko la Afrika Mashariki ambalo leo lingevumilia kilo yenye gramu 300. Betri ya 3,000 inayotoa 600 imepunjwa zaidi ya hapo.