Mapishi ya nyumbani yakigeuka biashara, mtoto asisahaulike

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya Tazara inapita hapohapo. Abiria na madereva wa malori wenye njaa hawakosekani. Kwa mama ambaye majirani humsifia maharage na viazi vyake, wazo la kufungua kibanda cha chakula huja lenyewe.

Sifa za majirani, hata hivyo, hazionyeshi faida. Tuseme mchele, maharage, mafuta na mkaa vimegharimu Sh30,000 na zikatoka sahani 25. Kila sahani imemgharimu Sh1,200. Akiuza kwa Sh1,500, anahesabu faida ya Sh7,500. Lakini sahani tano zikiliwa na watu wa nyumbani bila kuandikwa, zinabaki 20, ambazo zinaleta Sh30,000 zilezile. Ameshinda jikoni kutwa na hana cha kuonyesha. Ndiyo maana daftari linahitajika tangu siku ya kwanza, na chakula cha familia kiandikwe kama matumizi ya familia.

Anayehitaji mtaji anaweza kuulizia halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kati ya hizo, asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mikopo hii hutolewa kwa vikundi. Kabla ya kuuza, amuone pia ofisa afya kuhusu kupima afya na usafi wa eneo.

Baridi ya nyanda za juu nayo inadanganya. Wengi hudhani chakula hakiharibiki haraka kwa sababu hewa ni ya ubaridi. Ukweli ni kwamba bakteria huzaliana vizuri kwenye chakula cha uvuguvugu, yaani kati ya nyuzijoto 5 na 60. Wali uliopikwa alfajiri Njombe na kusafirishwa takriban kilomita 60 hadi Makambako, ukauzwa mchana ukiwa vuguvugu, unaweza kumuumiza mteja. Ubebwe kwenye chombo kinachohifadhi joto na ubaki wa moto hadi unapopakuliwa, au upikwe palepale.

Suala zito zaidi liko nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa kitaifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage na parachichi. Kuwa na chakula shambani hakutoshi ikiwa mtoto analishwa mara chache, au kila siku anapewa uji mtupu na ugali.

Biashara ya chakula inaweza kuongeza tatizo hilo. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, huku mtoto wa mwaka mmoja akiachwa na dada yake mdogo na kiporo. Wateja mia wameshiba, mwanawe amekula mara mbili.

Mtoto wa miezi tisa hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na vitafunwa na maziwa ya mama. Kwa hiyo kabla ya kibanda kufunguliwa, wazazi wakubaliane nani atamlisha mtoto, saa ngapi na nini. Baba ana nafasi yake hapa. Kuponda parachichi au kuchemsha yai hakuhitaji ufundi. Bibi naye aelezwe kwamba uji uongezewe maziwa, karanga zilizosagwa vizuri au dagaa wa unga. Karanga zenye ukungu zisitumike kabisa, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu.

Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Mama wa mtoto huyo akiweza, aanze na oda chache za nyumbani, kibanda kisubiri.

Kila asubuhi, sufuria ikiiva, sahani ya mtoto ipakuliwe kwanza. Iandikwe kwenye daftari, kisha wateja wafuate.