Umetumwa na Nani?

Hilo ndilo swali nililoulizwa na mlinzi wa geti, kwenye hoteli moja ya ufukweni mjini Bukoba, nikiwa na begi mgongoni na vumbi la Kyerwa kwenye nyusi. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kama nina fedha. Aliniuliza: "Umetumwa na nani?" Nikamjibu kwamba sikutumwa na mtu, nimekuja kulala. Akacheka kidogo, akamwita mwenzake, wakanitazama viatu. Mapokezi nako dada akaniambia vyumba vimejaa. Wazungu wawili walioshuka kwenye teksi nyuma yangu wakapewa funguo. Labda walikwishaweka nafasi, sibishi. Lakini hakuna aliyewauliza wametumwa na nani.

Ndugu wasomaji, siandiki makala haya kulilia chumba. Chumba nilipata karibu na stendi, shilingi 15,000 kwa usiku, chandarua chenye matundu mawili, maji ya ndoo, na mama mwenye nyumba ambaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula, mwanangu?" Naandika kwa sababu swali la yule mlinzi limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimegundua kwamba haliulizwi na mlinzi peke yake. Sisi wenyewe tunaulizana, tena kila siku.

Turudi nyuma kidogo, nyumbani Mabira. Nilipouza kahawa yangu na kumwambia mjomba kwamba ninakwenda Bukoba, aliniuliza, "Kuna mgonjwa?" Nikasema hapana, mjomba. "Una kesi?" Hapana. "Msiba?" Hapana. "Sasa unakwenda kufanya nini?" Nikasema, kuliona ziwa. Jamani! Mjomba alinitazama kama mtu aliyeambiwa mpwa wake ameanza kuokota makopo. "Ziwa lina nini? Si maji tu?"

Simlaumu. Kwetu huku safari ina sababu zake: hospitali, mahakama, shule, msiba, mnada. Ziwa Victoria tunalijua kwa njia ya dagaa wanaofika gulioni wakiwa wakavu. Kwenda kutazama tu, ukalala, ukala, ukarudi, hiyo inahesabiwa kuwa ni wazimu au ni wizi: fedha umezipata wapi?

Mjomba ni mkulima, nimemsamehe. Nisiyeweza kumsamehe ni mshikaji wangu mmoja, mwandishi kama mimi na wewe. Bwana huyu ameandika hadithi tano, na zote tano zina hoteli ya ufukweni. Mhusika mkuu anaagiza divai nyekundu, mwezi unameremeta juu ya maji, binti anacheka. Nikamuuliza, "Kaka, umewahi kulala kwenye hoteli ipi ya namna hiyo?" Akasema, "Hakuna, nimeona kwenye filamu." Nikamwambia basi twende wote Bukoba tukaone kwa macho. Akanijibu, "Kutalii ni mambo ya wazungu. Sisi tutafute mshiko kwanza."

Hapo ndipo ninapopinga, na ninapinga kwa sauti kubwa. Kutazama si anasa. Kwa mwandishi, kutazama ndiyo kazi yenyewe. Na mahali tunapoacha kutazama sisi, wengine watakuja kutazama na kutuandikia.

Ushahidi? Mwaka 1861 John Speke na James Grant walifika Karagwe, wakapokewa vizuri na Mukama Rumanyika. Chini ya ikulu yake kulikuwa na ziwa dogo zuri. Grant akaona linafanana na ziwa moja la kwao Uingereza, Windermere, ambako watu wao huenda kupumzika. Basi Speke akaliandika kitabuni "Windermere Ndogo". Hivi hivi! Ziwa la watu, lenye wenyewe na wavuvi wake, likageuzwa kivuli cha sehemu ya mapumziko ya Uingereza. Ziwa kubwa alikuwa amekwisha kulibatiza mwaka 1858 kwa jina la malkia wake, na jina hilo tunalitumia mpaka leo. Speke angeulizwa ametumwa na nani, jibu alikuwa nalo: alitumwa na jumuiya ya wanajiografia ya London. Alilipiwa ili atazame.

Au tuje karibu zaidi. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu kuhusu sangara na Mwanza, Darwin's Nightmare. Dunia nzima ikaitazama. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani, na watu wakaandamana Mwanza. Sawa, tulikasirika. Lakini hadithi zetu sisi vijana kuhusu sangara zilikuwa wapi? Zilikuwa zinakunywa divai nyekundu chini ya mwezi!

Basi nilikwenda. Mabira hadi Omurushaka, kisha Kyaka, penye daraja la mto Kagera. Jeshi la Idi Amin lilivunja daraja mahali hapo mwaka 1978, na ndani ya gari letu vijana walikuwa wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Hata mimi nilikuwa nabishana. Tukapita bila mtu kugeuza shingo.

Bukoba nilikaa siku tatu. Nilipanda mtumbwi wa injini kwenda kisiwa cha Musira, kile kinachoonekana mbele ya mji. Husimuliwa kwamba zamani za watawala, wakosaji walitupwa huko. Leo wanaishi wavuvi. Nilisimama karibu na uwanja wa ndege, ambapo njia ya kurukia inakaribia maji, na ambapo tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani. Walikufa 19. Waliotangulia kufika kuokoa ni wavuvi, na mitumbwi yao. Watu wa aina ile ile ambao, wakifika kwenye geti la hoteli, huulizwa wametumwa na nani.

Kula nilikula, bwana. Ndizi zilizopikwa na maharage kwa mama lishe, sato wa kukaanga, na senene wa kutafuna njiani kwenye kikaratasi. Siku ya pili nikajikaza nikaingia hoteli nyingine kunywa kahawa tu. Mimi mtoto wa mkulima wa kahawa nikaletewa maji ya moto na kipakiti cha unga wa kahawa kutoka ng'ambo, katika mji ambao una kiwanda chake cha kahawa, TANICA! Nikanywa nusu, nikalipa bei ya kilo kadhaa za kahawa yetu, nikatoka.

Lakini fundisho kubwa nililipata mwaloni. Nilikaa juu ya jiwe na daftari langu nikaandika sentensi ambayo niliiona kali sana. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniuliza, "Unaandika nini, mwanangu?" Nikamsomea: "Ziwa linatabasamu chini ya jua la dhahabu." Yule mama alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Waitu, mwanangu! Ziwa hili halijawahi kutabasamu. Andika kwamba mvua ikinyesha leo, hawa wote wameoza."

Kisha akanifundisha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hushinda pale palipo giza. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala pwani, na nyumbani wanakopa unga. Mmesikia hapo, waandishi wenzangu? Ule mwezi unaomeremeta katika hadithi zote tano za mshikaji wangu, kwa watu wa ziwa ni mwezi wa njaa! Hilo hukulikuta kwenye filamu, na usingelikuta bila kulipa nauli. Ile sentensi yangu ya dhahabu niliichana palepale.

Wako watakaosema kwamba ziwa letu halina hadhi ya kuzaa kitabu. Waongo. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kisiwani humo humo ziwani, alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye, na mwaka uliofuata akafariki. Hakuna malkia aliyemtuma. Aliwatazama watu wake, akaandika walivyolima, walivyovua, walivyooana. Sisi tunaoweza kuandika usiku na kusomwa asubuhi, tuna udhuru gani?

Kwa hiyo nasema hivi. Wenye mahoteli, bandikeni bei ukutani na mfundishe walinzi wenu kusema "karibu" kwa kila mtu, mwenye vumbi na asiye na vumbi. Wajomba zetu, mtuache twende, na tukirudi mtuulize tumeona nini badala ya tumeiba wapi. Nanyi waandishi wenzangu, kila mmoja wetu na atoke walau mara moja kwa mwaka, aende mahali katika mkoa wake mwenyewe asipopajua. Alale, ale, aulize bei, arudi aandike. Asiye na fedha ya Bukoba aanzie kijiji cha pili kwa miguu. Na mpaka atakapofanya hivyo, asiniandikie tena mwezi juu ya maji.

Nikirudi kwenye lile geti, jibu ninalo. Nimetumwa na mama wa dagaa, na nimetumwa na daftari hili.

Naomba kutoa hoja.