Baraka ya Abrahamu Si Kibali cha Kuua

Kuna neno linalosemwa makanisani kwa uhakika hata hakuna anayelihoji: Mkristo wa kweli lazima awe upande wa Israeli. Bendera yenye nyota inatundikwa karibu na mimbari, baraka ya Abrahamu katika Mwanzo 12 inasomwa, waumini wanaitikia "Amina", na anayeuliza habari za watoto wa Gaza anatazamwa kama aliyeasi imani. Mimi ni Mkristo wa Kibiti, na nasema fundisho hilo ni potofu.

Sisi wa Kibiti na Rufiji tulipaswa kuwa wa mwisho kulipokea. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa chama tawala waliuawa huku kwetu mmoja baada ya mwingine. Aprili 13, 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja. Bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Watu wa mbali wakapata jibu jepesi: ni Waislamu wa Kibiti. Ilikuwa dhuluma kusema hivyo. Miongoni mwa waliozikwa walikuwamo Waislamu wengi, majirani ambao jamaa zao tuliketi nao mkeka mmoja msibani na tunapanda nao boti moja pale Nyamisati. Kisha wakaanza kutoweka watu, na mama zao hawakupata hata kaburi la kulilia. Novemba 21, 2017 akatoweka Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, na hajaonekana hadi leo. Tuliokuwapo hatukuchagua kati ya mjane wa mwenyekiti na mama wa kijana aliyepotea. Wote wawili tuliwapelekea unga.

Mbona tukivuka bahari tunachagua?

Oktoba 7, 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli. Wamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, Clemence Mtenga na Joshua Mollel. Mwili wa Joshua ulikabidhiwa Novemba 2025, baada ya miaka miwili. Anayewatafutia udhuru wauaji hao kwa jina la Palestina anawatonesha wazazi kidonda. Lakini tangu siku ile watu zaidi ya 60,000 wameuawa Gaza kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, maelfu kwa maelfu wakiwa watoto. Vifo hivyo navyo havifunikwi kwa aya ya Mwanzo. Myahudi ana haki ya kulala bila kukimbia roketi, na Mpalestina ana haki ya kuishi katika ardhi yake bila kufukuzwa. Mkristo anayeweza kutamka nusu moja tu ya sentensi hiyo amechukua silaha, ajue asijue.

Tena wanaoshangilia mabomu wanasahau yanamwangukia nani. Bethlehemu ya leo ina Walutheri, nao ni Wapalestina. Mlutheri mwenzao wa Kipalestina, Askofu Munib Younan, alikuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 2010 hadi 2017, shirikisho ambalo KKKT yetu ni mwanachama wake. Oktoba 2023, eneo la Kanisa la Mtakatifu Porphyrius mjini Gaza lilipigwa huku waumini wamejihifadhi humo. Hao ni ndugu zetu wa ubatizo.

Nabii Amosi alianza kwa kukemea mataifa jirani, akaishia kwa Yuda na Israeli wenyewe. Hakuna anayemwita adui wa Israeli. Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, aliongoza nchi hii kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1973. Unaweza kuupinga uamuzi ule, na nchi yenyewe iliurejesha uhusiano mwaka 1995, lakini nani atathubutu kusema Mwalimu hakuwa Mkristo?

Wachungaji wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, kama mmetundika bendera hiyo, ishusheni. Jumapili hii watajeni Clemence na Joshua kwa majina yao, na katika sala hiyo hiyo, kabla hamjasema "Amina", waombeeni watoto wa Gaza.