Musanii wa Shabunda asiimbe jina la mukubwa ili apate kula

Wandugu vijana wa Shabunda, mulioko kwenye teritware na mulioko Bukavu, maneno haya yanatuhusu.

Sikilizeni nyimbo za kwetu vizuri. Katikati ya wimbo wa mapenzi jina la muheshimiwa linapita. Mwishoni, jina la mufanyabiashara. Hiyo njo libanga: musanii anatupa jina, mukubwa anatoa dola. Wengi wanaona ni muchezo tu. Sisi tunasema ni mukufu shingoni. Mutu anayelishwa na muheshimiwa hawezi kumuuliza kwa nini barabara ya Bukavu–Shabunda imekufa.

Na musanii anatupa libanga kwa nini? Siyo uvivu. Ni juu sisi wasikilizaji hatumulipi. Wimbo unatoka studio asubuhi, magaribi uko WhatsApp, uko kwenye karte memori, uko ku bar. Wote wanacheza, mwenye wimbo hapati hata franka 100.

Wanasema: «Aweke kwenye intaneti!» Sawa, lakini tuseme ukweli wote. Kupitia wasambazaji kama DistroKid ao TuneCore, wimbo unafika Spotify, Apple Music na Boomplay. Ila musambazaji naye anataka pesa yake. Na tangu 2024, Spotify hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Wimbo uliorushwa WhatsApp mara 5,000, huko unahesabiwa zero. Hata ukifikisha hizo 1,000, ni dola chache tu.

Basi tuanze na kile kiko mukononi: pesa ya telefone. Mashabiki 200 wakituma franka 1,000 kila mumoja kwa namba ya musanii, ni franka 200,000. Siyo utajiri, lakini inapita zile dola chache, na hakuna jina la mukubwa ndani. Intaneti ifuate, kwa ndugu zetu walioko Kinshasa na Ulaya wenye rezo nzuri. Na usituambie kijana hana franka 1,000: Primus moja inapita hiyo, na ya Primus tunaitafutaka mpaka tunaipata.

Kitu kingine: karatasi. Mbele wimbo utoke, muandike nani alitunga, nani aliimba, nani alitengeneza biti, na kila mutu anapata ngapi kwa mia. Sheria ya 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mutunzi, lakini anayeweka wimbo kwa konti yake njo anapokea pesa. Musikubali mutu awaweke kwa konti yake bila mukataba.

Hii hadithi tunaijua tayari. Mwaka 2016 Global Witness walitoa ripoti juu ya dhahabu ya muto Ulindi. Dhahabu ilitoka, sisi tukabaki na matope. Sasa tunataka sauti zetu nazo zitoke vile vile?

Kwa hiyo tunadai:

– SOCODA itangaze wazi: inakusanya ngapi Kivu ya Kusini, na inalipa wasanii wangapi wa Shabunda.

– Waheshimiwa waache kununua majina ndani ya nyimbo. Hiyo pesa ya libanga haijengi barabara wala haileti rezo.

– Redio na bar wanaojaza wateja kwa nyimbo zetu walipe haki za watunzi.

– Na sisi wenyewe: mbele ya kurusha wimbo kwa groupe, tuma kwanza franka zako kwa mwenye wimbo. Na wimbo ukipita, namba yake ipite nayo.

Siku musanii atakula kwa mukono wa raia, ataimba shida za raia. Mpaka siku hiyo, tusishangae kusikia majina ya wakubwa tu.

Wimbo ni jasho. Jasho lilipwe!